Tundu la Arobaini na Tatu

Kwako mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyetuumba tumbo moja. U hali gani? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto wanaoniita shangazi wanaendeleaje na masomo, na yule mdogo kifua kimemwachia? Nawaombea kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini, na hata leo na hasira zangu hizi nimewaombea, ila wewe nimekutaja wa mwisho. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako mgongo unamsumbua kama ilivyo desturi yake, lakini anatembea na chakula kinapita. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye jambo, na jambo lenyewe ndilo limenishikisha kalamu.

Simu nimekupigia mara sita tangu wiki ile, hupokei. Huenda ni heri, maana hata ungepokea ungenikatiza kama ulivyozoea, dada punguza, dada nielewe kwanza. Karatasi haikatizwi. Kaa chini uisome mpaka mwisho, na usimpe wifi akusomee halafu akufupishie.

Nianze na siku ile uliponipigia kunieleza kwamba kampuni yenu imepata kazi kwenye kiwanda chetu cha sabuni, kazi ya kupunguza umeme unaoliwa na mitambo ya kushindilia upepo. Nilifurahi mpaka nikatafuta pa kukaa. Ukaniomba nisimwambie mtu kwamba mimi ni dada yako, wakubwa wasije wakasema kazi imepatikana kindugu. Nikaona ni busara. Mume wangu alisema anayemficha dada yake mwanzo atamkana mwisho, nami nikamjibu kwamba ana wivu kwa kuwa ukoo wao haujawahi kutoa hata mtaalamu wa kunoa visu. Leo hanisimangi. Ananiwekea tu maji ya kunawa, na huo upole wake ndio unaoniuma.

Ukaja. Ukaingia chumba changu cha kompresa pamoja na meneja, umevaa ile kofia nyeupe ya wageni, ukanipa mkono ukasema shikamoo mama opereta. Nikaitikia marahaba, kwa kuwa shikamoo yako ni haki yangu popote tutakapokutana. Lakini hilo la mama opereta lilinichonyota. Tulikubaliana nisiseme. Hatukukubaliana unitazame kama unavyotazama kitasa cha mlango.

Chumba kile nina miaka kumi na tisa ndani yake. Niliingia kiwandani kufagia, na fundi mzee aliyekuwapo akaona kwamba kila kompresa ikibadilisha sauti mimi ndiye ninayegeuza shingo kabla yake, akanifundisha. Alikuwa akiniambia kwamba maji yakivuja watu hupiga kelele, mafuta yakivuja watu huteleza, lakini upepo ukivuja watu husema mashine inapumua. Kila mtu anadhani upepo ni wa Mungu. Wa Mungu ni ule wa nje. Wa kwetu unashindiliwa kwenye tangi kwa nguvu ya umeme, kisha unatembea kwenye mabomba kusukuma silinda za mashine, na kila unapotokea kitundu, umeme ule umetupwa hewani.

Kwa hiyo nilijifanyia utaratibu wangu. Ninazunguka na kopo la maji ya sabuni na brashi, ninapaka kwenye maungio, na pale povu linapochemka ninafunga uzi. Mwekundu kwa tundu linalopiga mluzi, wa njano kwa linalonong'ona. Kisha ninaandika kwenye daftari. Mafundi, ambao huniita Mama Upepo, walikuwa wakinitania kwamba povu ndicho kitu pekee kiwandani ninachokipata bila kuandikia barua. Na ni kweli. Mipira na vibano vya kuzibia nimeviomba miaka mitatu, na miaka mitatu naambiwa subiri mama, vinakuja.

Siku tatu nilikutembeza. Nilikuonyesha daftari langu ukurasa kwa ukurasa, na ulikuwa hujakaa na kompresa ile hata nusu saa. Nilikuonyesha kwamba inavuta hewa ya moto kutoka upande wa matangi ya kuchemshia, na hewa ya moto inaitesa, ukaandika. Tulipofika kwenye geji ya presha ikawa inasoma nane, nikakwambia kwamba nane ni ujinga wetu wa zamani, tuliipandisha ili kufunika matundu badala ya kuyaziba, na matundu yakizibwa sita inatosha kiwanda kizima. Lakini usishuke chini ya sita, nikakwambia, kwa sababu mstari wa tatu wa mashine uko mwisho wa bomba na upepo unafika kule umechoka. Niliona kwa macho yangu ukiandika sita kitabuni mwako, ukaipigia duara.

Siku ya tatu ulivaa kile kifaa chako cha kusikilizia matundu, kama vile visikilizio vya vijana. Mafundi walikuwa wamekuzunguka. Ukashika uzi wangu mwekundu kwa vidole viwili ukasema huu ni wa kufungia mbuzi, siku hizi kifaa kinasikia kisichosikiwa na sikio la binadamu, hata awe ameishi na mashine miaka mia. Wakacheka. Na mimi nilicheka, si nilikuwa mama opereta.

Haya, hayo ningeyameza. Nimeshameza makubwa zaidi. Lakini kile kikao cha taarifa, mdogo wangu, bado kimenikaa kooni mpaka leo.

Niliitwa nisimame nyuma, iwapo kutakuwa na swali. Ukawasha picha ukutani, nikaona nyuzi zangu. Nyekundu na njano, kubwa kama kamba za meli, na chini yake umeandika kwamba ni mfumo wa rangi wa kampuni yenu. Nikasema moyoni labda atanitaja sasa hivi. Ukanitaja kweli. Ukasema matundu arobaini na mawili ni matokeo ya uzembe wa opereta wa muda mrefu. Ukasema presha ishushwe mpaka tano na nusu ili umeme upungue kwa kiasi cha kupendeza. Ukasema chumba kifungwe kidhibiti kitakachoiwasha na kuizima kompresa chenyewe, kisihitaji mtu wa kukaa pale. Meneja aligeuka akanitazama jinsi mtu anavyotazama samani anayofikiria kuitoa. Wewe hukugeuka.

Sikukulipia ada, alilipa baba. Sina fadhila ya kukusimanga. Mtu humkimbia anayemdai, na mimi sikuwa nakudai chochote, umeniuza bure. Uzembe. Neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelipeleka mpaka kwenye sala na likakataa kutoka. Mimi niliyeomba vipuri miaka mitatu. Mimi ambaye hata siku ya mazishi ya mama nilipitia kiwandani kwanza kumwaga maji yanayojikusanya kwenye tangi la upepo, na wewe ulikuwapo, ukanishikia mkoba wangu pale getini.

Ukaondoka. Mafundi walikuwa wameshaziba matundu yote arobaini na mawili kabla ya kikao, kwa vipuri vilivyopatikana kwa siku moja, kwa kuwa sasa vimeombwa na mwanamume mwenye kofia nyeupe. Geji ikashushwa tano na nusu. Wiki ya kwanza umeme ulipungua, na meneja akawa anapita kiwandani akipiga mluzi.

Kwenye mstari wa tatu yupo mwenzangu tunayemwita Mama Chapa, ndiye anayesimamia mashine ya kugongea jina la sabuni. Ulimwona, yule mnene mwenye kucheka kwa bega. Siku ya pili tu akaja chumbani kwangu kulalamika. Akasema mashine yake imekuwa kama mume wake, kushuka inashuka ikinung'unika, na kupanda mpaka uibembeleze. Chapa zinatoka hafifu, sabuni kama zimefutwa sura. Nikaenda kwa meneja kumwomba tupandishe mpaka sita. Akaniambia namba imewekwa na mtaalamu, na kwamba anaelewa kwa nini mimi hasa siipendi. Nikakupigia, na hiyo ndiyo simu ya mwisho uliyopokea. Ulinijibu kwamba mstari utazoea, wafanyakazi siku zote hawapendi mabadiliko. Mashine haizoei, mdogo wangu. Mashine haina mazoea, ina kipimo.

Jumanne saa nne na nusu asubuhi ile mashine ikakwama katikati ya safari, juu haiko na chini haijafika. Kipande cha sabuni kilikuwa kimelala upande. Mama Chapa akaingiza mkono kukitoa, kama wanavyofanya wote, kama alivyofanya mara elfu. Wakati huohuo mstari wa kwanza ukasimama ili wabadilishe karatasi za kufungia, na upepo uliokuwa ukinywewa kule ukarudi kwenye bomba, ukaenda mpaka mwisho, ukaikuta mashine inausubiri. Ikamalizia safari yake. Mimi nilikuwa kwangu. Niliisikia kompresa inapata nafuu kidogo, nikasema afadhali, kisha nikasikia mtu anamwita mama yake. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, anamwita mama yake aliyekwisha kufa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjika, kimoja daktari hana uhakika nacho.

Sasa meneja ameandika kwamba mfanyakazi aliingiza mkono kwenye mashine kinyume cha taratibu. Wewe ukaulizwa, ukatuma mistari miwili, nami nimeisoma kwa sababu imebandikwa ubaoni. Unasema tano na nusu ni presha ya kutosha, na kama ilishuka basi opereta hakuwa makini. Kwa hiyo kosa ni la aliyeumia na la dada yako. Kikao cha uchunguzi ni Alhamisi. Maneno hayo yakipita, Mama Chapa atahesabiwa amejiumiza mwenyewe, matibabu ni juu yake, na kazini atatolewa, na mkono wenyewe ule hautashika tena hata ufagio.

Hapa nimeweka kalamu chini nikasali, sasa nimerudi.

Matundu hayakuwa arobaini na mawili. Yalikuwa arobaini na matatu.

Juu ya dari ya stoo ya makasha kuna bomba la zamani lililokuwa likilisha mashine iliyong'olewa zamani. Limetoka kwenye bomba la mstari wa tatu. Koki yake imeshikwa na kutu haifungi, na mwisho wake mtu aliziba kwa kipande cha mti na mpira wa baiskeli. Ule mpira umeoza. Tundu hilo halina uzi, kwa kuwa huko juu hakuna wa kuuona, lakini ndilo kubwa kuliko yote, na mluzi wake hausikiki mpaka kiwanda chote kiwe kimesimama. Nalijua huu mwaka wa pili. Daftarini limo, kwenye kurasa mbili tulizokuwa hatujazifikia, nazo baada ya kicheko kile nilizigandisha pamoja kwa gundi ya makasha nisije nikakuonyesha kwa bahati mbaya.

Siku ya tatu, kabla hujashika uzi wangu mbele ya mafundi, tulikuwa tumebakiza hilo tu. Ngazi nilikuwa nimeshaiegemeza ukutani. Mlipomaliza kucheka nikaiondoa. Nikasema kama kifaa chake kinasikia, na kisikie.

Tena Mungu alikupa nafasi, nami nikaiziba. Siku ya mapumziko iliyotangulia kikao, matundu yameshazibwa na mashine zote zimezimwa, kompresa ilipaswa ilale. Haikulala. Kila dakika kumi iliamka ikasukuma dakika tatu. Ukaniuliza kama hiyo ni kawaida. Nikakwambia ni kawaida, ni uzee. Miaka kumi na tisa sijawahi kusema uongo juu ya mashine ile, nikausema siku hiyo, nikiwa nimetoka kwenye ibada asubuhi yake. Nilikusudia niseme kwenye kikao cha taarifa, mbele ya wakubwa, wajue Mama Upepo ni nani. Uliponiita mzembe ningeweza bado kusimama niseme. Nikanyamaza, na safari hii haikuwa majivuno tena, ilikuwa chuki. Nilitaka namba zako zikatae. Nilitaka uaibike. Niliposhuhudia mstari wa tatu unaishiwa pumzi nilijua sababu zote mbili, nikaenda kwa meneja na moja tu, ile ya kwako.

Pengine kwa sita, hata na tundu lile, mashine isingekwama. Pengine kwa tano na nusu bila tundu lile isingekwama pia. Ni wewe na mimi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na safari hii kilio kimemwangukia asiyeficha kitu.

Jumamosi nilikwenda hospitali nikamwambia. Nilimwambia yote, na kwamba wewe ni ndugu yangu. Akauliza tundu lenyewe lina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa kidole, kama kifungo cha koti. Akasema sasa nimekaa hapo nafanya nini wakati bado linavuja. Akasema nisirudi kumwona mpaka niwe nimesema maneno haya kwa wanaotulipa mshahara, na nisimletee maombi mahali pa maneno. Nilipofika mlangoni akaniita, nikadhani ni huruma. Alitaka nimsogezee maji upande wa mkono wa kushoto.

Jana, siku ya mapumziko, nilipanda dari na fundi wa zamu awe shahidi. Tulilikata bomba lile la zamani, tukafunga kizibo cha chuma. Kile kipande cha mti nimekihifadhi kwenye mfuko. Tukazima kila kitu, nikakaa kwenye kiti changu na saa mkononi. Kompresa haikuamka dakika arobaini. Ni kimya nilichokitafuta tangu nilipokabidhiwa funguo za chumba kile, na kilipokuja sikuweza kukisikiliza, nilitoka nje. Kisha nikaipandisha geji mpaka sita, nikaandika saa na jina langu.

Leo asubuhi nimempa meneja maelezo yangu, kurasa nne, pamoja na daftari, zile kurasa mbili nimezibandua. Nimeandika kwamba mimi ni dada yako. Alicheka kwanza, kisha akaacha. Akauliza kama basi kazi hii tangu mwanzo ilikuwa ya kindugu. Nikamjibu kwamba undugu wetu umetumika vibaya kweli, ila si kwa njia anayoidhani yeye. Akaniambia Alhamisi nije nikiwa nimeshakusanya vitu vyangu vya chumbani. Nimevikusanya. Havijai hata kapu.

Sasa sikiliza ninachokitaka. Mimi usinitetee. Uzembe ulionipa siku ile haukuwa wangu, lakini nimejitafutia mbaya zaidi na nitaubeba. Ninachotaka ni ile sita uliyoipigia duara. Njoo Alhamisi saa nne na kitabu chako kile, ukifungue mbele yao, uwaambie uliambiwa sita ukaweka tano na nusu kwa sababu ilipendeza kwenye picha. Jina la kampuni yenu litachafuka, najua. Lioshe baadaye. Bila kitabu chako, neno langu ni neno la opereta mzembe aliyekiri kwamba ni mwongo, na wataliweka kando, na Mama Chapa atatoka na barua ya kufukuzwa aliyosainishwa kwa mkono wa kushoto. Usipokuja nitasema peke yangu kwamba nilikuona ukiandika. Lakini nitakuwa nasema kwa watu wasio na sababu ya kuniamini, na sababu hiyo tumewapa mimi na wewe.

Ukiondoka Jumatano mchana utafika kabla ya jioni. Kitanda nimekitandika. Usidhani nimepoa, sijapoa, na utakapokaa mezani kwangu utayasikia yote haya tena kwa mdomo, na shemeji yako ana yake aliyoyaweka tangu mwanzo. Lakini utakula kwanza.

Nisalimie wifi, mwambie asinichukie kwa hili, na kama atanichukia nitamwelewa. Wape watoto salamu za shangazi yao. Mungu akulinde njiani, kama utashika njia.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa.